Mapazia ya Papa Kakule

Furaha, mtoto wa Papa Kakule, alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa nachambua maharagi mlangoni. Hakulia. Alisema tu, "Mama Kahindo, papa ametuacha. Kuya nyumbani. Na tunatafuta foto ya kuweka mbele ya sanduku, hatuelewani." Nilimaliza kuchambua yaliyobaki kwenye ungo, kwa sababu mikono yangu haikujua kitu kingine cha kufanya, halafu nikafunga kitenge na kutembea hadi Mabanga, kwenye nyumba ile ile ya mbao niliyoingia mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na tisa. Sasa nina zaidi ya hamsini. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari tu, na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko barua. Lakini kuna mwaka mmoja niliofanya kazi kwa Papa Kakule, na nikikaa bila kuuandika naona utapotea pamoja naye. Ulikuwa mwaka mzuri. Katika mwaka huo nilisema uongo mmoja mkubwa, na nitausema hapa pia.

Papa Kakule alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na ukutani aliweka mti mrefu wa mwanzi ambapo mapazia yalining'inia, moja juu ya jingine, kama nguo za kuuza. Yalikuwa mapazia ya kitambaa kizito alichokishona mke wake, Mama Furaha, na juu yake Papa Kakule alichora mwenyewe: ziwa, volkeno, nyika ya Rwindi na tembo, maporomoko ya Rutshuru. Chini ya kila pazia aliandika jina la mahali kwa rangi nyekundu. Mteja aliingia, akavua viatu vyenye vumbi jeusi la Goma, akachagua pazia kama mtu anayechagua chakula, akasimama mbele yake. Wakati ule watu wengi wa Mabanga walikuwa hawajafika popote kati ya mahali pale. Mtu aliyetaka kumwonyesha shangazi yake wa Kisangani kwamba anaishi vizuri alipigwa picha "Rutshuru", akatuma picha, na shangazi akafurahi. Hakuna aliyeuliza zaidi. Hata Papa Kakule mwenyewe hakuwa amefika. Mguu wake wa kushoto ulikauka tangu utotoni, alitembea kwa magongo mawili, na mawe ya lava ya mji wetu hayamhurumii mtu wa magongo. Alichora alichosimuliwa na wateja, na kilichobaki alikijaza kichwani.

Kazi yangu ilikuwa kufagia, kushika kitambaa cheupe upande wa dirisha ili mwanga urudi usoni mwa mteja, na kuchekesha watoto wachanga. Nilikuwa nimefanya hivyo miezi miwili siku alipoingia mama mmoja wa Lac Vert, mnene, mwenye sauti, na binti yake aliyekuwa amebatizwa siku hiyo. Mama huyo akaomba pazia la kwao, lile la ziwa. Nikalishusha. Akalitazama. Halafu akashika tumbo, akaanza kucheka mpaka akakaa chini kwenye kiti cha wateja.

"Papa," akasema, "umetupatia pirogi! Pirogi tatu! Na wavuvi ndani!"

"Ni ziwa, mama," Papa Kakule akajibu kwa heshima.

"Ile ziwa yetu iko kama sahani! Iko chini, chini kabisa, mu shimo. Unasimama juu unaangalia kama mutu mwenye kuangalia mu sufuria. Pirogi itapita wapi? Itashuka na kamba?"

Binti aliyebatizwa naye akacheka, na mimi, niseme ukweli, nilicheka kisha nikaziba mdomo. Mama yule alikubali kupigwa picha, lakini mbele ya Rwindi. Alisema tembo hawamjui, hawatamsema. Alipoondoka, Papa Kakule alibaki ameegemea magongo yake mbele ya ziwa lake, muda mrefu. Nilidhani ameumia. Alipogeuka aliniuliza, "Kahindo, uko na viatu vya nguvu?"

Hivyo ndivyo mwaka ule ulivyoanza. Alikuwa na kamera moja tu, ndiyo iliyotulisha, na haikuweza kuzurura. Isitoshe, alisema, foto yake haina rangi. Mimi ndiye ningezurura. Kila juma la pili, Jumatano, siku ambayo wateja ni wachache, ningekwenda mahali pamoja, nitazame, nirudi, nimweleze. Alinipa mfuko wa shule wa zamani na vikopo vya maziwa ya unga vya kuwekea udongo, majani na mawe, ili apate rangi. Na alinipa maswali. Yalikuwa manne, na hayakubadilika mwaka mzima. Mwanga unatoka upande gani? Miguu yako inakanyaga nini? Nani alikuwa hapo kabla yako? Ulikula nini? Hilo la mwisho nililicheka. Hakucheka. "Kama haukukula kule, ulipita tu," akasema. "Mutu wa kupita siwezi kuchora na macho yake."

Nilianza na Lac Vert, ili tumalize aibu. Nilikwenda kwa miguu kwa barabara ya Sake, nikakuta ni kweli: ziwa liko chini ndani ya kikombe cha mlima, la kijani kizito, limenyamaza, na kingo zake zimejaa mashamba ya maharagi. Nilitaka kupumzika, nikashuka kwenye kijibonde chenye nyasi laini karibu na njia. Muzee mmoja aliyekuwa akilima akatupa jembe akaanza kupiga kelele. "Toka! Toka mu ile shimo! Hauone nyasi imekauka? Ni mazuku!" Nilitoka mbio. Aliniketisha juu ya jiwe akanieleza kwamba hewa mbaya inatoka ardhini na kulala mabondeni, hasa asubuhi kabla ya upepo, haina rangi, na mbuzi anayeinamisha kichwa mle hainuki. Alinionyesha ngazi za mawe zilizojengwa zamani na Wazungu waliokuja kuogelea, ambapo sasa wanawake walianika maharagi. Mke wake alinipa ndizi za kuchemsha na mboga za lengalenga. Nilijaza chupa maji ya ziwa, nikarudi nimejaa fahari.

Papa Kakule aliiinua chupa dirishani. Maji yalikuwa meupe, kama ya bomba.

"Uliniambia kijani."

"Ni kijani, papa! Nilichota mimi mwenyewe!"

"Basi kijani imebaki kule." Aliizungusha chupa, akaitazama tena, na uso wake ukaanza kufunguka. "Kijani iko ya shimo, si ya maji. Kahindo, unaona? Ningeweka rangi mu maji, ningekosea tena." Alifumba macho, brashi nyuma ya sikio, akaniuliza yale maswali. Pazia jipya lilikuwa na ziwa dogo mbali chini, ngazi na maharagi, na kando ya njia kibonde cha nyasi kavu kisicho na mbuzi hata mmoja. Watu wa mjini hawakukiona. Lakini mtu yeyote wa barabara ya Sake aliyeingia studio alikiona mara moja, akanyoosha kidole na kusema, "Eh, hata mazuku ameweka!" Mama yule mnene alirudi mwezi uliofuata na watoto wake wote sita. Hakucheka. Aliwapanga mbali na kibonde.

Nikaenda Kibati, ambako papa mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alinisimamisha katikati ya lava nyeusi akaniambia kwamba chini ya miguu yangu kuna barabara, na chini ya barabara hiyo kuna lava nyingine, na chini yake njia ya babu yake. Alizihesabu kwa mkono, kama anayepanga mablanketi. Nilikula kwake maharagi na viazi vitamu, huku mama yake akilalamika kwamba volkeno ina adabu kuliko mkwe wake, kwa sababu volkeno hutoa moshi kabla ya kuja. Nikaenda Sake, nikamkuta bibi aliyesema kwamba alipokuwa mtoto lava iliingia ziwani ikakata kona ya maji, na miezi mingi baadaye wanawake walikuwa bado wanachoma viazi juu ya mawe yale, bila kuni. Nikapanda Masisi kwa lori la kubeba jibini, nikakuta majani yamefunika milima kama zulia, na ng'ombe wamesimama mahali ambapo mimi nilitambaa. Nilirudi nikinuka maziwa, na Mama Furaha akaniamuru nile nje.

Mezani, jioni kabla ya taa, ndipo raha yenyewe ilipokuwa. Samaki wadogo wa sambaza walikaangwa, ugali wa bukari ukawa katikati, Furaha mdogo akiwa amelala mapajani mwangu, na mimi nasimulia. Papa Kakule hakula mpaka nimalize. Mama Furaha alikula, na alikatiza. "Huyu bibi wa Sake alikuwa na meno?" "Sikuangalia, mama." "Angalia siku nyingine. Mutu asiye na meno anasema viazi vilikuwa vitamu kwa sababu hawezi kula tena." Papa Kakule aliinua mkono: "Mama Furaha, acha mutoto amalize." Na mkewe: "Namusaidia! Weye unauliza mwanga, mimi nauliza meno." Nilikuwa sijawahi kukaa mezani ambapo watu wazima wananyamaza ili wanisikilize. Wakati mwingine nilirefusha njia ili tu meza ile isiishe. Lakini sikuongeza kitu ambacho hakikuwepo. Mpaka Kyavisale.

Kyavisale ni kijiji alikozaliwa Papa Kakule, kaskazini, juu ya Kirumba, kwenye baridi. Alitoka huko akiwa na miaka minne, mgongoni mwa mama yake, kuletwa hospitali ya Goma kwa ajili ya mguu. Hawakurudi. Mama yake alifariki kabla yeye hajawa mtu wa kuuliza mambo, na alichomwachia ni maneno mawili matatu: kwamba kulikuwa na baridi, kwamba kulikuwa na shule. Sikuwa najua haya. Nilijua tu kwamba kwenye mti wa mwanzi, nyuma kabisa ya mapazia mengine, kulikuwa na pazia moja jeupe, limeshonwa, limepakwa rangi ya kwanza, halijachorwa. Mwishoni mwa mwezi wa kumi alilishusha mwenyewe, akalitandika sakafuni, akaandika jina chini kwa nyekundu kabla ya kuchora chochote. Halikuwa jambo alilowahi kufanya. "Yale mengine yote," akaniambia, "nilikuwa nakufundisha macho. Sasa nenda kwetu."

Lori lilitupandisha siku nzima, Rutshuru, nyika ya Rwindi ambako swala hawakujisumbua kutuangalia, kisha zile kona za Kabasha ambapo barabara inajikunja mpaka abiria wanaanza kusali rozari kwa sauti. Tulilala Kanyabayonga. Na Kanyabayonga kulikuwa na Kasoki, rafiki yangu wa shule, na dada yake Kasoki alikuwa akiolewa kesho yake. Nilisema nitakaa asubuhi tu. Nilikaa siku tatu. Kulikuwa na mbuzi wa mahari waliokataa kuingia zizini na wajomba walioanguka wakiwakimbiza, kulikuwa na pombe ya kasiksi, nyama, ngoma, na uwanja wenyewe uko ukingoni, kiasi kwamba ukicheza unaona nyika yote ya Rwindi chini ya miguu yako na mto unang'aa. Sijacheza hivyo tena maishani. Siku ya nne lori la kurudi lilipiga honi, na Kyavisale ilikuwa bado saa nyingi mbele yangu.

Niliitunga Kyavisale ndani ya lori hilo la kurudi. Nilichukua majani ya Masisi, nikachukua maji yanayoanguka ya Rutshuru, nikaongeza mti mkubwa na njia nyekundu inayozunguka, na mlima nikauweka nyuma ya nyumba, ili uzikinge na upepo. Ilikuwa nzuri. Hata mimi niliipenda. Kwenye kikopo nilitia udongo wa Kanyabayonga.

Alikuwa ananingoja mlangoni. Alifumba macho kabla sijakaa. Na hakuniuliza maswali manne. Aliuliza moja tu, lingine kabisa: "Mulima iko nyuma ya nyumba ama mbele?"

"Nyuma, papa."

"Nyuma," akarudia, na machozi yakateremka, naye anatabasamu. Alichora siku nne bila kupokea wateja. Likawa pazia zuri kuliko yote aliyowahi kuchora, na siku alipolining'iniza wateja walianza kulipangia foleni mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nashika kitambaa changu cheupe dirishani nikijiambia kwamba hakuna aliyeumia. Furaha ya watu ilinisaidia kujidanganya.

Juma moja hivi lilipita. Mchana mmoja nilikuwa nyuma ya pazia nakunja mengine, na Papa Kakule na mkewe walikuwa chumbani mbele, hawajui nipo.

"Unajua ile kelele nilikuwa nakuambia?" Papa Kakule akasema. "Ile ninasikia nikiwa na homa, tangu mutoto? Kama mvua lakini si mvua?"

"Najua. Unanisumbua nayo."

"Ni ile maji, Mama Furaha. Maji yenye kuanguka. Sasa najua. Nilikuwa nakumbuka kwetu, na sikujua kama nakumbuka."

Mkewe hakumtania. Alisema kwa upole, "Basi umerudi."

Nilisimama pale na kitambaa mikononi. Nilikuwa nimefikiri nimempa picha tu. Kumbe uongo wangu ulikuwa umeingia ndani, mahali ambapo alikuwa na vitu vichache sana, na ulikuwa unavihamisha. Kelele ile ya homa ilikuwa kitu cha kweli, labda kitu pekee alichokuja nacho kutoka kwao, na sasa ilikuwa imepewa maji yangu ya Rutshuru. Kama ningenyamaza angekufa nayo hivyo. Na kama ningesema, ningefukuzwa, na meza ile ya sambaza ingeisha. Hiyo ndiyo hesabu niliyofanya, siifichi. Sikuwaza hata mara moja juu ya wateja.

Nilisema jioni hiyo hiyo, chakula kikiwa katikati. Sikutafuta maneno. "Papa, sikufika Kyavisale. Nilibaki Kanyabayonga, kwenye ndoa. Nilitunga. Leo niliwasikia mukiongea ile kelele. Hakuna maji. Yaani, sijui kama kuna maji."

Mama Furaha ndiye aliyelipuka. "Uliuza macho ya papa kwa nyama ya mbuzi! Mbuzi, Kahindo! Hata kama ingekuwa ng'ombe!" Furaha mdogo akaanza kulia. Papa Kakule alimaliza tonge lililokuwa mkononi, akanawa, akachukua magongo, akaenda studio. Tulimsikia akishusha pazia. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikabaki hapo. Alikuwa amekaa sakafuni na kitambaa chenye petroli, anafuta jina. Alilifuta herufi moja moja, taratibu, mpaka pakabaki doa la waridi.

"Pazia haina kosa," akasema bila kuniangalia. "Liko zuri. Litabaki. Lakini halina jina." Akasugua tena. "Ile kelele, usiiguse tena. Kesho kutwa lori inapanda. Utapanda. Na hautakula Kanyabayonga."

Sikula Kanyabayonga. Lori liliposimama nilijifunika kitenge kichwani, na nikamsikia Kasoki akiuliza barabarani kama kuna mtu kutoka Goma.

Kyavisale niliifikia kwa miguu, asubuhi, kutoka Kirumba, ndani ya ukungu. Nilipofika nilidhani nimekosea njia. Kilima kimoja kitupu, cha mviringo, hakina mti isipokuwa mikaratusi michache. Mashamba ya viazi na vitunguu vya puaro. Nyumba chache. Na shule, ndefu, ya ukuta wa mawe, na bati juu, na bati la tatu kutoka mlangoni limekunjwa na upepo, kona yake imeinuka. Hakukuwa na maji yanayoanguka. Nilikaa juu ya jiwe, na nilijisikia nimelipwa kwa uongo wangu. Niliitazama shule ile kama ambavyo sijatazama kitu tena. Nilihesabu madirisha. Nilipima kivuli. Mama mmoja aliyekuwa akichimba viazi aliniita, akanipa viazi vya moto na chumvi, akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamtaja mtoto wa mguu uliokauka. Alifikiri sana, akaenda kumwita mama yake, bibi mfupi aliyejifunika blanketi.

"Yule aliyebebwa," bibi akasema. "Ndiyo. Mama yake alipita hapa, mvua inanyesha. Mutoto alikuwa anaangalia nyuma. Hakulia. Anaangalia nyuma tu." Alikuwa na meno mawili. Nililiangalia hilo, kwa ajili ya Mama Furaha.

Kisha upepo ukaja na ukungu ukaondoka, na bati lile la tatu likaanza kutetemeka. Lilitoa kelele ndefu, laini, inayopanda na kushuka. Kama mvua, lakini si mvua. Sitasema kwamba najua. Bati labda lilikuwa jipya kuliko umri wa Papa Kakule, labda lilikuwa limekunjwa mwaka ule tu. Niliuliza, na bibi akasema bati linapiga kelele tangu mapadri walipojenga, wamelipigilia misumari mara kumi. Nilimpelekea Papa Kakule jibu hilo kama nilivyolipokea, pamoja na ile labda.

Safari hii aliuliza maswali yote manne, na mengine kumi. Mlima uko mbele ya nyumba, si nyuma. Nilikanyaga udongo mweusi, huu hapa. Nilikula viazi na chumvi. Alipofika kwenye kelele nilimweleza polepole, na nikaiga kwa mdomo, na Mama Furaha aliyekuwa ameapa kutonisemesha mwezi mzima akaanza kucheka. Papa Kakule aliomba niige tena. Na tena. Hakusema kama ndiyo yenyewe. Alisema, "Rudia, Kahindo," na alikuwa amefumba macho.

Pazia la pili la Kyavisale hakuna mteja aliyelitaka. Bibi harusi mmoja aliuliza kama ni kaburi. Mwingine alisema kile kilima kinafanana na mgongo wa mume wake akilala. Lile lisilo na jina, kwa upande wake, lililisha nyumba ile miaka mingi. Mtu wa Masisi alisimama mbele yake akasema hapa ni kwetu, mtu wa Walikale akasema hapana, hapa ni kwetu, na waligombana kwa furaha hadi Papa Kakule akawapiga picha pamoja. Hakuwahi kuwasahihisha, kwa kuwa hakuwa ameandika kitu. Siku moja, hakuna wateja, alikaa kwenye kiti mbele ya kilima chake kitupu, akaniambia nishike kamera. Ilikuwa foto yangu ya kwanza maishani. Nilirudi nyuma mno, kwa sababu nilitaka bati la tatu lionekane, na nilipobonyeza alikuwa amegeuza kichwa, anaangalia nyuma.

Miaka mingi baadaye, alipokuwa amehamishia studio mjini, lava iliposhuka ilipita juu ya studio hiyo na mapazia yote. Alicheka, akasema sasa Kibati imekuja kwetu. Lile lisilo na jina liko bado, ndani ya foto za wateja, kwenye kuta za nusu ya nyumba za Goma. La Kyavisale lilibaki kwenye foto moja tu, na hiyo ndiyo waliyokuwa wakigombania watoto wake Jumatatu nilipofika. Wadogo zake Furaha walitaka ile ya simu, papa amevaa suti, anatabasamu. "Kwenye hii hauone hata uso!" mmoja alisema. Furaha aliniuliza kwa nini baba yake haangalii kamera. Nikawaambia yote, mbuzi, ndoa, petroli, bila kuruka kitu. Walicheka, walilia, wakaweka ya zamani.

Siku ya mazishi, akina mama wakiwa jikoni nyuma na viti vimejaa hadi barabarani, alikuja muzee mmoja ambaye hakuna aliyemjua vizuri, mkimbizi aliyeteremka kutoka upande wa Kirumba miezi michache kabla njia haijafungwa tena. Watu wa kaskazini husikia jina la mtu wao, huja kumlilia. Alisimama mbele ya sanduku, akafanya ishara ya msalaba, akainama kwenye foto. Hakuinuka. Akainama zaidi.

"Lakini hii ni Kyavisale," akasema.

Walioketi viti vya mbele wakageuka.

"Hii ni shule yetu. Nimesoma hapa. Haya bati ya tatu, angalia, ndiyo yenye kutusumbua wakati mwalimu anasoma dikte!" Alikuwa anacheka sasa, muzee yule, kwenye kilio cha mtu asiyemjua, na kidole chake kinagonga kioo. "Kumbe Kakule alirudi! Alirudi siku gani? Na sisi tunasema hakuna mutu wa Goma anakumbuka kwetu!"

Furaha aliniangalia. Ningeweza kumwachia muzee furaha yake. Nilimsogelea, nikamshika mkono.

"Hakurudi, papa. Muguu yake ilikataa. Hii ni pazia, alichora yeye mwenyewe, hapa Mabanga."

Alivua miwani, akaipangusa kwa koti, akaivaa tena. Akatazama ukuta wa mawe, akatazama mikaratusi, akarudi kwenye bati.

"Pazia," akasema. "Lakini bati imekunjwa pale pale."

"Ndiyo, papa," nikasema. "Nililiona."